Karatasi ya Tarehe Thelathini

Nekoye alipoajiriwa na Mzee Aden mwaka wa 1987, kompyuta ilikuwa bado ndani ya sanduku la mbao, imefunikwa magunia, kando ya stoo ya matairi. Mzee Aden alikuwa ameinunua kwa Wazungu wa mradi wa barabara waliokuwa wakifunga virago. Alikuwa na malori kumi na manne yakipeleka mahindi na ngano Mombasa na kurudi na mbolea, na alisikia kwamba huko Nairobi kampuni kubwa haziandiki tena kwa mkono. Shida ni kwamba hakumjua mtu Eldoret nzima wa kuiwasha. Wanaume wawili waliitwa, wakaizunguka, wakanywa chai, wakaenda zao. Halafu akaja msichana wa Kibukusu kutoka upande wa Webuye, amevaa sweta ya kijani iliyotiwa viraka kwenye viwiko, cheti cha Polytechnic kikiwa ndani ya bahasha.

"Unaijua hii?" Mzee Aden akamuuliza.

"Naijua, Mzee. Inatumia Unix."

"Sijakuuliza inatumia nini. Itaamka?"

Iliamka siku ya tatu. Mzee Aden akavuta kiti, akaketi akiangalia maandishi ya kijani yakipanda kwenye kioo, jinsi mtu anavyoangalia ng'ombe mpya aliyeletwa bomani. Mwishowe akasema, "Sasa ifundishe kazi."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika safari. Kila dereva aliporudi alileta karatasi yake yenye kilomita alizokwenda, na Nekoye akaziingiza. Dereva aliyekuja mara nyingi zaidi mezani pake alikuwa Farah, mtu wa makamo, mrefu, mpole, aliyeendesha malori ya Mzee Aden tangu yalipokuwa mawili tu. Wengine waliitupa karatasi juu ya meza wakaenda kuoga. Farah alisimama mpaka aone namba za gari lake zimetokea kwenye kioo.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika, Baba Hawa."

"Basi nimefika," alikuwa akisema na kucheka, ndipo anakwenda nyumbani kwa mkewe Sahra na binti yao Hawa.

Kazi ya pili ilihusu breki. Lori lililojaa mbolea likishuka milima ya Timboroa linakula lainingi, zile ngozi ngumu zinazokamata gurudumu, na zikiisha hakuna kinachobaki ila chuma kwa chuma. Aliyezisimamia alikuwa Kimeli, fundi mkuu wa garaji, mzee wa Kinandi kutoka Plateau. Kilomita za kila gari alikuwa akiziweka ndani ya daftari la shule lenye madoa ya grisi, na nyingine kichwani. Magari yalipokuwa sita daftari lilitosha. Yalipofika kumi na manne, mara mbili lilimponyoka lori, akaligundua kwa bahati tu. Mzee Aden akamwambia Nekoye, "Saidia huyu mzee."

Ndani ya mashine kulikuwa na programu ndogo iitwayo cron, ambayo haikuwa na kazi nyingine ila kuangalia saa. Kila dakika iliamka, ikasoma orodha yake, na kama kuna kazi ya dakika hiyo ikaifanya, kisha ikalala tena. Kuiagiza ni kuandika mstari mmoja: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki, halafu jina la kazi. Pale ambapo hujali, unaweka nyota. Nekoye alitaka orodha ya magari yanayohitaji lainingi ichapwe kila mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla mafundi hawajafika. Alikaa na mkono umefungwa ngumi, akihesabu miezi kwenye vifundo vya vidole kama walivyofundishwa darasa la tatu. Thelathini na moja hapana, miezi mingine haifiki. Akaandika thelathini, akaridhika.

0 6 30 * *

Hiyo ilikuwa Mei, 1988. Tarehe thelathini saa kumi na mbili, ofisi ikiwa imefungwa na mlinzi akiota moto nje, printa ikaanza kulia yenyewe gizani. Mlinzi alikimbia mpaka langoni.

Habari ikaenea mjini kwamba kwa Mzee Aden kuna chombo kinachopiga chapa bila mtu. Haikupita wiki mbili wakaja wanaume wawili waliovaa makoti, wasiosema wametoka ofisi gani. Ilikuwa ile miaka ambayo karatasi moja isiyo na jina la mwandishi ingeweza kumfanya mtu asionekane tena kwao. Wakasimama chini ya picha ya Rais, mmoja akiwa na kalamu.

"Nani huja hapa alfajiri kuandika?"

"Hakuna mtu," Nekoye akajibu. "Inaandika yenyewe."

"Nani anaiamuru?"

"Niliiagiza mara moja tu, mwezi uliopita. Sasa inajikumbusha."

Waliuliza swali hilo mara tatu kwa njia tatu. Nekoye akawapa ile orodha: namba za malori, kilomita, neno BREKI. Wakaichukua wakaenda, na hawakurudi. Lakini Mzee Aden alikosa usingizi siku nyingi, na tangu hapo hakupenda kuona polisi wala karatasi ya polisi karibu na lango lake.

Kimeli naye hakuiamini mashine haraka. Juni, Julai na Agosti alikuja na daftari lake, akaketi kando ya Nekoye, akalinganisha mstari kwa mstari. Hesabu zilipatana. Septemba hakukuta karatasi kwenye printa, akapanda ngazi za ofisi akihema, kana kwamba amemshika mwizi.

"Leo imelala, mashine yako."

Nekoye akamwonyesha. Hakukuwa na gari hata moja lililofika kilomita zake. Yote yalikuwa yamebadilishwa lainingi mwezi wa Julai na Agosti. Hakukuwa na kitu cha kuchapa.

"Usipoona karatasi, Mzee," akamwambia, "ujue magari yote yako sawa."

Kimeli aliangalia kile kioo, akatikisa kichwa, akacheka. "Haya. Mimi nimezeeka. Wacha ikumbuke yenyewe." Daftari akaliweka mahali, hakuliandika tena.

*

Mapema mwezi wa Machi, 1989, Farah aliingiza lori lake garajini, akamwita Kimeli.

"Mzee, pedali inashuka chini kidogo. Si sana. Lakini mguu wangu unaisikia."

Kimeli akapanda, akakanyaga breki kwa mguu wake mwenyewe. Akashuka, akalala chini ya gari, akakaza pale pa kukaza. Kufungua magurudumu yote ni kazi ya siku nzima, na Farah alikuwa na shehena ya kubeba kesho yake. Msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni na wakulima walitaka mbolea.

"Sasa iko sawa," Kimeli akasema. "Ingekuwa imefika kubadilishwa, karatasi ingesema mwisho wa mwezi."

"Haikusema?"

"Haikutoka karatasi."

Farah akaridhika. Kwa nini asiridhike? Alikuwa amesimama mbele ya ile meza mwaka mzima akiona kilomita zake zikiandikwa.

Tarehe kumi na nne, Jumanne, saa tisa mchana, alikuwa akirudi kutoka Mombasa na magunia ya mbolea. Taniboi wake, msaidizi wa garini, alikuwa amebaki Nakuru, malaria imemshika, kwa hiyo alikuwa peke yake. Baada ya Timboroa barabara inateremka kuelekea Burnt Forest. Lori halikukata kona ya chini. Lilipanda ukingo, likagonga mwamba, likapinduka. Watu wa soko la karibu walimtoa akiwa hai bado, lakini alikata roho kabla hajafikishwa hospitali.

Askari wa trafiki waliofika waliandika kwamba dereva alikuwa akienda kwa kasi na alisinzia kwenye usukani. Ilikuwa mchana wa jua, barabara ilikuwa kavu, hakuna gari jingine lililohusika. Waliona nini kingine cha kuandika? Waliandika, wakapiga muhuri.

Alizikwa kesho yake. Nekoye alikwenda na wanawake wa ofisini nyumbani kwa marehemu, nyuma ya msikiti, wakaketi mkekani chumba cha ndani. Sahra alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na tano hivi, na hakuwa akilia. Kila aliyeingia kumpa pole alimshika mkono na kumuuliza jambo lile lile.

"Ni kweli Farah alilala?"

Watu walijibu kwamba ni amri ya Mungu.

"Najua ni amri ya Mungu. Nauliza kama alilala." Akamgeukia Nekoye, ambaye alikuwa karibu. "Wewe unaandika safari zake. Yeye akichoka husimama Nakuru, analala, anaswali, ndipo anaendelea. Miaka kumi na tisa. Si ndiyo? Hata wewe unajua saa zake."

"Ndiyo, Mama Hawa. Nazijua."

"Sasa madereva wanasema wenyewe, Farah aliyekuwa akitufundisha tusilale, amelala. Asubuhi nimewasikia hapo nje. Wanasema pole pole, lakini nimewasikia."

 Wakati huo Nekoye hakujua lolote.

*

Tarehe thelathini Machi ilikuwa Alhamisi. Nekoye alifika saa moja na nusu, akaning'iniza koti, akachana karatasi kwenye printa ili ampelekee Kimeli. Malori matatu. Mstari wa kwanza ulikuwa KXR 318, lori la Farah. BREKI. Limepita kilomita elfu nne na mia moja.

Kwanza alifikiri tu kwamba amesahau kulifuta gari lililokufa. Akaketi. Kisha akasoma tena ile hesabu ya kilomita. Elfu nne na mia moja ni safari mbili na nusu za Mombasa, kwenda na kurudi. Lori lilipaswa kuwa kwenye orodha ya mwezi uliopita. Akaenda kwenye kabati la karatasi za zamani. Novemba ilikuwapo, Desemba ilikuwapo, Januari ilikuwapo. Baada ya Januari ilikuwa hii aliyoishika mkononi.

Kulikuwa na kalenda ukutani, ya duka la pembejeo, yenye picha ya trekta. Aliiendea akafunua nyuma. Februari iliishia ishirini na nane.

Kwenye kioo akauleta ule mstari na kuutazama. Haukuwa na kosa. Alikuwa ameiambia mashine isubiri tarehe thelathini, nayo ilisubiri. Iliamka kila dakika ya mwezi mzima wa Februari, ikaangalia saa, ikaona bado, ikalala. Ikaingia Machi ikisubiri vivyo hivyo. Alikuwa ameikwepa thelathini na moja kwa werevu, akihesabu vifundo vya mkono wake huu, na mwezi mfupi kuliko yote, ambao mtoto yeyote anaujua, hakuukumbuka.

Aliteremka garajini na ile karatasi. Kimeli alikuwa akiosha mikono kwa mafuta ya taa.

"Mzee Kimeli, Februari karatasi haikutoka."

"Ndiyo, haikutoka. Magari yalikuwa sawa."

"Hayakuwa sawa." Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka ikabidi arudie. "Hayakuwa sawa. Karatasi haikutoka kwa sababu Februari haina tarehe thelathini. Niliandika thelathini. Gari la Baba Hawa lilikuwa limefika."

 Kimeli aliendelea kusugua mikono, akasugua hata ilipokuwa safi. Halafu akatafuta ndoo, akaipindua, akaikalia.

"Alikuja kwangu," akasema. "Farah. Aliniambia pedali inashuka. Nilikanyaga kwa mguu huu. Nikasikia kitu, Nekoye. Mimi ni fundi wa miaka thelathini na mbili, nilisikia kitu. Halafu nikasema, karatasi haijasema."

"Ni mimi niliyekuambia uamini hivyo."

"Na mimi ni mtoto wa kuambiwa?"

Walikaa hivyo mpaka mafundi wengine wakaanza kuwaangalia. Nekoye akasema anakwenda kwa Mzee Aden. Kimeli akamshika mkono wa sweta, akaacha alama ya mafuta.

"Fikiria kwanza. Polisi wameshaandika. Nani atasema polisi wameandika uongo? Watauliza nani alilala kazini. Mimi niko na watoto saba."

"Mama Hawa anauliza kila mtu kama mume wake alilala."

Kimeli akauachia mkono.

Mzee Aden alimsikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye karatasi aliyowekewa mezani. Alikuwa binamu wa marehemu baba yake Farah. Ndiye aliyemtoa Farah Wajir akiwa kijana na kumpa usukani wa kwanza. Alipoinua uso alikuwa amezeeka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee Kimeli."

"Unaweza kuurekebisha huo mstari?"

"Naweza. Utachapa kila Jumatatu. Na kama hakuna gari lililofika, utachapa kwamba hakuna."

"Basi urekebishe." Akaikunja ile karatasi mara nne. "Na haya mengine yaache. Watu wa makoti walikuja hapa kwa sababu ya orodha ya breki tu. Nikisema polisi wamekosea, watakuja na lori. Farah ameshakwenda. Mungu alikuwa amepanga siku yake."

"Mzee, wanasema alilala."

"Nimesikia wanayosema!" Mzee Aden akapiga meza, kisha akaomba radhi kwa mkono bila kusema neno, na Nekoye akatoka.

Aliurekebisha mstari siku hiyo hiyo. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kumenya chungwa. Hilo ndilo lililomvunja: kwamba lilikuwa jambo dogo hivyo. Alikwenda chooni, akafunga mlango, akalia huku amejiziba mdomo kwa mkono wa ile sweta.

*

Ramadhani iliingia wiki moja baadaye. Madereva walikuwa wakija na karatasi zao midomo imekauka, na Nekoye akawaandika. Mmoja aliyekuwa amechelewa alimwambia mwenzake, kwa mzaha, "Mimi si Farah, mimi nikichoka nalala kitandani." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiotaka mabaya. Nekoye alisimama, akachukua mkoba wake, ilhali ilikuwa saa nne tu asubuhi, akatoka langoni, akapita sokoni, akafika nyuma ya msikiti.

Sahra alikuwa kwenye eda, na angekaa ndani miezi minne na siku kumi. Mwanamume asiye ndugu, kama Kimeli, asingeweza kuingia kumwona. Nekoye aliingia. Alimkuta anachagua mchele wa kufuturu kwenye ungo, amevaa nguo isiyo na rangi wala nakshi. Akamkaribisha, akaendelea kuchagua.

"Mama Hawa, mume wako hakulala."

Vidole vikasimama.

Nekoye akamweleza. Alijaribu kueleza bila maneno ya mashine: kwamba kulikuwa na karatasi iliyotakiwa kutoka na kuwaambia mafundi gari gani breki zimekwisha, kwamba yeye ndiye aliyeipangia siku, na alipanga siku isiyokuwapo Februari, kwamba gari liliondoka na breki zilizokwisha. Alisema kwamba Farah aliiona dalili akaisema, na hakusikilizwa. Hakumtaja Kimeli kwa jina. Alisema "garajini."

 Nje mtoto aliruka kamba na kuhesabu kwa Kiingereza, akafika ishirini, akakosea, akaanza tena.

"Wewe ndiye uliyesahau Februari."

"Ni mimi."

"Mwezi mzima."

"Ndiyo, Mama Hawa."

Sahra akaweka ungo chini. Nekoye alifikiri atampiga, na alitaka ampige. Badala yake mwanamke yule aliinama mbele mpaka paji la uso likagusa mkeka, na sasa ndipo alipolia, kwa sauti, kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ya mazishi. Katikati ya kilio alikuwa akisema jambo kwa Kisomali ambalo Nekoye hakulielewa. Hakuthubutu kumgusa. Hawa, binti wa miaka minane, alikuja mlangoni na kamba mkononi akasimama hapo.

Baada ya muda Sahra akajifuta uso kwa shela.

"Sitakuambia nimekusamehe," akasema. "Labda Mungu atanipa siku moja. Leo sina. Lakini utakuja kesho baada ya swala ya alasiri, uyaseme haya mbele ya Ahmed, ndugu wa Farah, na wazee. Kama ulivyoniambia mimi. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Sasa nenda. Nenda, tafadhali."

Kesho yake alikwenda. Waliketi uani kwa Ahmed, wazee watano, na Mzee Aden akiwa mmoja wao, kwa kuwa asingeweza kukosa kuitwa. Nekoye aliongea akiwa amesimama, kitambaa kichwani. Alipomaliza, lango likafunguka akaingia Kimeli, kofia mkononi. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia kwa mafundi kwamba wazee wamekaa.

"Huyu msichana hajasema yote," Kimeli akasema. "Farah aliniletea hilo gari mimi. Nilikanyaga breki kwa mguu wangu mwenyewe nikamwambia nenda."

Wazee wakamgeukia Mzee Aden. Yeye alikuwa akitazama chini, akizungusha tasbihi.

"Nilijua wiki mbili zilizopita," akasema mwishowe. "Niliambiwa nikanyamaza. Gari ni langu. Farah hakuwa na kosa. Nitalisema msikitini Ijumaa, kila dereva asikie kwa mdomo wangu."

Alilisema. Karatasi ya polisi haikubadilishwa. Hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza, na mpaka leo inasema dereva alisinzia. Lakini madereva hawakurudia tena ule mzaha, na yule aliyeutoa alikwenda kwa Ahmed kuomba radhi. Kimeli alirudi Plateau wiki ile ile, kwenye shamba lake, hakukanyaga tena garajini. Alimtumia Nekoye gunia la mahindi, bila barua.

Nekoye alitarajia kufukuzwa. Mzee Aden alimwita na kumwambia, "Ningekufukuza ile siku ya kwanza. Sasa siwezi. Wewe ulisema, mimi ndiye niliyenyamaza." Basi akabaki. Lakini kila alipoandika mstari wowote aliamka usiku kuufikiria, akiutafutia mwezi uliokosa siku, mwaka uliozidi, saa isiyofika. Mwisho wa Juni aliandika barua ya kuacha kazi. Shule moja ya upili ya wasichana huko Soy ilikuwa ikitafuta mwalimu wa kupiga taipu.

Kabla hajaenda Soy, eda ya Sahra ikaisha. Siku mbili baadaye Hawa alitumwa kwenye chumba cha kupanga cha Nekoye, Langas, na ujumbe mfupi: Mama anataka kwenda Burnt Forest, na anataka uende naye.

Walikwenda asubuhi ya mwisho wa Julai, baridi ikiuma, ukungu umelala juu ya mashamba.  Sokoni wakamuuliza mtu mmoja, mwingine akawaelekeza kwa Waweru, mwuza viazi ambaye meza yake ilikuwa karibu na kona. Waweru alipoambiwa wao ni akina nani, alivua kofia.

"Mimi ndiye niliyemshika kichwa tulipomtoa," akamwambia Sahra. "Pole sana, Mama."

"Polisi walisema alikuwa amelala," Sahra akasema.

Waweru akashangaa. "Alale? Na ile honi? Alipiga honi kutoka huko juu, hakuacha. Sisi sote tulikimbia na watoto. Siku hiyo ilikuwa ya soko, watu walikuwa wamejaa hapa barabarani. Kama si ile honi angetumaliza."

"Hukuwaambia polisi?"

"Hawakuniuliza, Mama. Na siku hizi nani anakwenda polisi bila kuitwa?"

Sahra aliitazama ile kona. Kisha akauliza, "Alianza kupiga wapi?"

Waweru akanyoosha mkono kuelekea mlimani, mbali, pale miti ya misaiprasi ilipokuwa ikitokea na kupotea katika ukungu. "Tulianza kusikia kama pale. Labda hata juu zaidi."

Sahra akafunga vizuri shela yake, akaanza kupanda kwa miguu kando ya barabara. Nekoye alisita, hakujua kama anatakiwa. Mwenzake hakugeuka, lakini baada ya hatua chache alipunguza mwendo, na Nekoye akamfuata nyuma kidogo. Malori yaliwapita yakishuka, mapipa yakigongana ndani, na kila lilipopita Sahra alisimama mpaka lipotee kwenye kona. Walitembea karibu saa nzima. Walipofika kwenye ile miti ukungu ulikuwa umeinuka, na Sahra aligeuka na kuutazama mteremko wote walioupanda, hadi chini ambako soko lilionekana dogo kama mkeka uliotandikwa.

"Njia yote hii anapiga honi," akasema.

Nekoye alisimama kando yake. Baridi ilizidi. Baadaye Sahra akaketi kwenye nyasi zenye umande, akasogea kidogo upande mmoja, na Nekoye naye akaketi.